Namwona, Refa

Kwetu Tarrabin, mji wa kiwanda cha chuma uliobanwa kati ya bahari na milima kusini ya Sydney, Krismasi ni wakati wa joto kali na watu hushinda ufukweni na kandambili. Sasa mwambie mtu wa hapa kwamba wewe ni mchezaji wa magongo ya barafuni. Atakuangulia kicheko hadharani, na kesho atawaambia wenzake. Lindsay Kovarik alichekwa hivyo zaidi ya miaka thelathini, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Cheka tu, bwana, lakini funga mlango wa friji, baridi inatoka."

Kwa kazi alikuwa fundi wa mafriji. Jina lake refu hakuna aliyelitumia, kwa sababu sisi hapa jina la mtu tunalikata mkia tukalibandika "o", mradi tusichoshe mdomo. Kovarik akawa Kovo. Rafiki yake wa nyumba ya jirani, Wim Terpstra, mtoto wa Waholanzi waliokuja kwa meli baada ya vita, akawa Terpo. Aliyekataa upuuzi huo ni mmoja tu, mama yake Wim. Kwake yeye Kovo alikuwa Lindsay, na mwanawe alikuwa Wim, na asiyetaka aende zake.

Uwanja wetu wa barafu ulikuwa ghala la zamani la sufu, paa la bati, milango isiyofunga vizuri. Tuliuita Jokofu. Siku ya mvua yenye joto, hewa ya nje ilipenya chini ya milango na ukungu ukaanza kupanda kutoka kwenye barafu, magotini, kifuani, halafu kichwani, mpaka mchezaji akawa haoni mkono wake. Hapo refa alipuliza filimbi. Wachezaji wa timu zote mbili, waliokuwa wanataka kung'oana meno dakika moja iliyopita, walishika mashuka ya kitanda wawili wawili na kuteleza kuuzunguka uwanja, wakiupepea ukungu mpaka ushuke. Usicheke. Mashuka yenyewe yalitoka kwa Mama Terpstra, aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya pale mjini. Yaliyochakaa aliyaleta klabu yakiwa yamepigwa pasi na kukunjwa pembe kwa pembe, eti shuka ni shuka hata likiwa la kufukuzia ukungu.

Baada ya mashuka ilifuata sheria yetu wenyewe, ambayo hutaikuta katika kitabu chochote cha mchezo huu. Manahodha wawili walisimama katikati ya uwanja, kila mmoja akimtazama kipa wake kule golini. Kipa akiwa tayari, anainua gongo juu. Nahodha wake akimwona, anasema, "Namwona, refa." Wakishasema wote wawili, mchezo unaendelea. Neno la nahodha halikuulizwa mara mbili, na tuliona fahari kwa hilo.

Kovo na Terpo walianza kuteleza mwaka 1975, wakiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu baba yake Kovo ndiye aliyekuwa akiiendesha mitambo ya baridi ya Jokofu na alikuwa akiwaingiza kwa mlango wa nyuma. Kila asubuhi Kovo alimpitia mwenzake waende shule. Terpo kuvaa soksi tu kulimchukua nusu saa. Akisikia mluzi wa Kovo nje, aligonga kioo cha dirisha kwa kidole mara mbili. Tok, tok. Maana yake: bado, nisubiri. Mama Terpstra alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Wim, vidole vyako hivyo havitakuvalisha soksi!"

Walipokua, Kovo akawa beki na Terpo akawa kipa, na lile dirisha wakahamia nalo barafuni. Kovo alipokuwa akimpigia vile visahani vyeusi vya raba tunavyochezea badala ya mpira, Terpo, akiwa hajajiweka sawa, aligonga barafu kwa gongo mara mbili. Tok, tok. Bado, mwehu wewe. Wachezaji wengine hawakujua kwamba yale ni maneno. Walidhani ni mazoea ya makipa, na makipa kila mtu anajua hawana akili timamu.

Wakiwa na miaka ishirini na miwili waliitwa wote wawili timu ya taifa, wakaomba likizo kazini, wakaenda Ulaya kufungwa mabao. Walifungwa kweli kweli. Uwanja wa ndege afisa mmoja alitazama pasi zao, akatazama magongo yao, akauliza, "Nyie kwenu kuna barafu?"

"Ipo," alisema Kovo. "Kwenye glasi."

Terpo alicheka mpaka akapata kwikwi, na kwikwi ile ilimfuata mpaka hotelini. Kovo hakuwahi kuwa na furaha kama safari ile, na siku hiyo hakujua kuwa alikuwa akiitumia yote.

Haya. Septemba 1989, Jumamosi alasiri, fainali. Mvua nje, joto, na Jokofu limejaa watu waliokuja na pai zao za nyama na sosi ya nyanya. Timu yetu, Kasuku Weupe, ilikuwa haijawahi kuchukua kombe hata moja, na tulikuwa tukiongoza matatu kwa mawili. Zimebaki dakika nne. Kovo ndiye nahodha, ana miaka ishirini na mitano, na kombe analiona kabisa pale mezani. Ukungu ukapanda mara ya tatu.

"Nawapa mashuka mara ya mwisho," alisema refa. "Usiposhuka, mechi imefutwa. Mtarudi wiki ijayo muanze sifuri kwa sifuri."

Walizunguka na mashuka mpaka mikono ikafa ganzi. Nahodha wa wapinzani akasema, "Namwona." Kovo akatazama goli la kaskazini. Kulikuwa na weupe tu. Goli halikuonekana, nyavu hazikuonekana, Terpo hakuonekana. Alikaza macho mpaka yakatoka machozi. Ndipo aliposikia, kutoka ndani ya weupe ule, tok, tok.

Katika ghala zima, lenye watu mia tano, ni yeye peke yake aliyejua kwamba pale mtu amesema bado.

"Nahodha?" refa aliuliza.

"Namwona, refa."

Dakika haikuisha. Kisahani kilipigwa kutoka mbali kikaingia ukunguni, na hatukusikia kikigonga ubao wala mwamba wa goli. Walimkuta Terpo amelala chali golini, mkanda wa kinga ya mguu umefunguka, amepigwa kooni chini ya barakoa. Alikuwa ameshakata roho kabla daktari hajavuka mstari wa katikati. Walimfunika kwa shuka mojawapo la mama yake, lililoloa ukungu. Dakika zilizobaki hazikuchezwa, na kombe tulipewa, maana kisahani hakikuvuka mstari na ubao wa mabao ulisoma matatu kwa mawili. Nakwambia aibu ile haijatutoka, ingawa wengi wetu hatukujua hata tunaona aibu ya nini.

Kwenye mazishi Mama Terpstra alimshika Kovo mashavu kwa mikono yake ya udobi, mikavu, yenye nguvu.

"Refa ameniambia wewe ulimwona. Wewe ndiye wa mwisho. Niambie, alikuwaje?"

Angesema pale pale! Mara ngapi nimelifikiria hilo. Lakini mtu wa miaka ishirini na mitano ameshikwa mashavu na mama aliyefiwa, atasema nini?

"Alikuwa ameinua gongo, Mama. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Ndiyo."

Yule mama alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaiweka picha ile mahali pake.

Tangu hapo hakukosa mechi. Alikaa kiti kile kile, safu ya tatu, blanketi magotini na chupa ya chai pembeni, na kila Septemba alimwita Kovo, "Njoo uniambie tena." Kovo alikwenda. Alisimulia. Na kwa kuwa mwanamke yule aliuliza maswali, uongo ule ulianza kuota mikono na miguu. Mwaka mmoja Terpo alikuwa amepunga mkono. Mwaka mwingine alikuwa amesogeza barakoa juu kidogo, ndiyo maana kicheko kilionekana. Mama Terpstra alikumbuka kila kitu. Kovo akikosea, alimsahihisha: "Hapana, ulisema mkono wa kushoto."

Na barafuni mambo hayakuisha. Kila ukungu ulipopanda, Kovo aliisikia kutoka goli la kaskazini. Tok, tok. Mara ya kwanza alidhani ni kipa mpya, akateleza kwenda kumgombeza. Kipa alikuwa ametoka kwenda kunywa maji, goli lilikuwa tupu. Baadaye akajiambia ni bomba. Si alikuwa fundi? Alichimbua sakafu ya upande ule, akabadilisha mabomba yote ya baridi, akabana kila kiunganishi kwa mkono wake. Ukungu uliofuata, tok, tok. Akabadilisha pampu. Tok, tok.

"Kovo, wewe umeoa hilo bomba?" alimtania Stavros, beki mwenzake, ambaye bila shaka tulimwita Stavo. "Kila wiki uko nalo chini huko."

Unahodha aliuacha mwaka ule ule wa msiba, na hakuna aliyemlaumu. Lakini tuliona kitu kingine, tukakifanya mzaha, Mungu atusamehe. Refa akisema tu "ukungu, jamani", Kovo alishika tumbo akakimbilia chooni, na hakutoka mpaka mchezo uanze. Hali ile tuliiita tumbo la Kovo. "Leo kuna unyevu," tulisema, "tumbo la Kovo litasumbua." Alikuwa anacheka pamoja nasi. Kumbe kule chooni alikaa ameziba masikio.

Alicheza mpaka miaka arobaini na mitatu, meno manne yametoka, goti limefanyiwa upasuaji mara mbili. Mkewe Raelene alimsihi aache. "Si goti lako tu," alimwambia. "Ukirudi kutoka pale unakuja na mtu, na hamzungumzi naye, na mimi simjui." Kovo alishindwa kumwambia kwamba kuna mtu alisema bado, nisubiri, na kwamba hawezi kuondoka akamwacha hapo. Raelene alihamia kwa dada yake Queensland. Kovo alipoacha kucheza, aliomba kazi ya kuendesha trekta la kulainisha barafu, akabaki Jokofu.

Mwaka 2019 Jokofu likauzwa livunjwe. Klabu ikatangaza mechi ya kuaga, Jumapili ya Novemba, wazee wa zamani kwa wazee wa zamani, na Kovo aliambiwa atakuwa nahodha, atake asitake. Alhamisi kabla ya mechi Mama Terpstra alimwita nyumbani. Alikuwa na miaka themanini na sita. Alimpa kahawa, akafungua kopo la biskuti, akampa moja, akafunga kopo. Alifanya hivyo kwa kila mgeni tangu afike nchi hii.

"Lindsay, Jumapili nataka usimame na kipaza sauti, uwaambie watu wote jinsi ulivyomwona Wim."

"Mama, watu wanaijua hadithi hiyo."

"Wanaijua kutoka kwangu. Wewe ulikuwepo." Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Nikuambie? Sura yake inanitoka. Ya utotoni imeshaondoka, nikitazama picha namwona mtoto wa watu. Iliyobaki ni ile uliyonipa wewe, gongo juu, anacheka. Wakishavunja pale, nani atanikumbusha?"

Kovo alifungua mdomo. Alikuwa amefika kabisa kwenye neno lenyewe. Yule mama akavuta kopo, akafungua, akampa biskuti ya pili. Mwenye kuwajua Waholanzi atanielewa: kwao biskuti ya pili haipewi mtu hivi hivi. Kovo alikula biskuti ile, akaenda kukaa ndani ya gari lake la kazi saa nzima bila kuwasha injini. Jumapili ilikuwa na njia mbili tu: kumdanganya mbele ya mji mzima, au kumwua mwanawe mara ya pili.

Jumapili ilikuja na joto la nyuzi thelathini na nane na mvua ya radi adhuhuri. Tulijua kitakachotokea. Dakika ya kumi ukungu ukapanda, na watu wakashangilia kwa nguvu, maana ilikuwa kana kwamba Jokofu linatuaga. Refa, binti mmoja mchangamfu anayeitwa Tahlia, hakuwa amezaliwa enzi zile, lakini alikuwa amesimuliwa.

"Mashuka!" alipaza sauti. "Leo tunafanya kizamani!"

Kovo akashika tumbo. Stavo, kichwa cheupe sasa, akamkamata kiuno.

"Leo hapana, babu! Tumbo litasubiri."

Walizunguka na mashuka, vizee vinahema, watu wanapiga makofi. Kisha manahodha wakasimama katikati. Tahlia alikuwa na kipaza sauti. Nahodha wa upande wa pili akasema, "Namwona, refa," na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

"Na wewe, nahodha Kovo? Unamwona kipa wako?"

Kovo alitazama kaskazini. Weupe. Tok, tok. Ilikuwa karibu kuliko siku zote. Alimtazama Mama Terpstra, safu ya tatu, ameinamisha shingo mbele asikose neno.

"Simwoni," alisema.

Watu wakacheka. Stavo akapiga kelele, "Mnunulieni miwani!"

"Simwoni, refa." Kovo aliushika mkono wa Tahlia ulioshika kipaza sauti, na sauti yake ikajaa ghala zima. "Na siku ile pia sikumwona. Nilisema namwona, na sikumwona."

Kicheko kilikatika. Ilisikika mitambo ya baridi tu, ile aliyoitunza kwa mkono wake miaka yote. Mama Terpstra alikunja blanketi, pembe kwa pembe, akaliweka kitini. Akaanza kushuka ngazi. Alipofika kwenye mlango wa barafu, Stavo alielewa, akatandika shuka chini, na lingine mbele yake, na lingine. Yule mama alikanyaga mashuka yake mwenyewe mpaka katikati ya uwanja, Tahlia amemshika kiwiko.

"Ulisimama hapa?" aliuliza.

"Hapa hapa, Mama."

Alitazama kaskazini kwa muda mrefu. "Macho yangu ni mabovu. Wewe unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Na siku ile?"

"Hivi hivi."

"Kile kicheko?"

"Nilitunga."

"Mkono wa kushoto?"

"Nilitunga, Mama."

Alimpiga ngumi kifuani. Ilikuwa ngumi ya bibi wa miaka themanini na sita, na Kovo, ambaye amegongwa na majitu ya Ulaya, alirudi nyuma hatua moja. "Miaka thelathini nalala na sura uliyoichora wewe!" alisema. "Basi nani alimwona mwanangu? Nani?"

"Hakuna, Mama. Lakini nilimsikia." Kovo alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Aligonga. Mara mbili. Alikuwa anasema bado, nisubiri. Nilimsikia vizuri, nikataka kombe, nikasema namwona."

Mikono ya mama yule ilishuka.

"Kama dirishani?"

"Kama dirishani."

Midomo ya yule mama ilikuwa inacheza, na mimi niliyekuwa pembeni ya uwanja naapa alikuwa anahesabu, moja, mbili. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango na kumkuta ndani mtu wake.

"Huyo ndiye Wim," alisema taratibu. "Huyo namjua. Ulinipa mtu wa kubuni, na wangu mwenyewe ukakaa naye peke yako."

"Nisamehe, Mama."

Yule mama alinyoosha mkono akalichukua gongo la Kovo, akalishika vibaya, kwa mikono miwili, kama anavyoshika ufagio. Ukungu ulikuwa umetufika wote kifuani. Akaliinua kidogo tu, akagonga barafu mara mbili.

Tok, tok.

Na Kovo akasimama pale, akasubiri, kama alivyotakiwa kusubiri siku ile.